Mwenyekiti wa Soko la Njia ya Gachoka

Tulimwita Mwenyekiti tangu siku ambazo chama chenyewe cha wenye maduka hakikuwa na kiti hata kimoja, wanachama wakikaa juu ya magunia ya kunde na masanduku ya sabuni. Sijui mkewe alimwitaje nyumbani. Nadhani alimwita Mwenyekiti vilevile.

Soko letu lilikuwa dogo. Lilikuwa na safu mbili za maduka ya mabati yaliyotazamana, bucha moja, mashine ya kusaga, hoteli yangu ya chai na mandazi, na uwanja wa vumbi katikati. Lilikuwa chini ya Embu mjini, kwenye njia ya kuteremkia Gachoka. Juu yetu walikaa watu wa ndizi na viazi. Chini yetu walikaa Wambeere, watu wa mbuzi, asali, mtama na mbegu za mbarika za kukamua mafuta. Sisi tulikuwa kizingiti tu, mahali pa kupitia, na kabla yake hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba kizingiti nacho kinaweza kulisha watu.

"Kwanza mjuane, halafu muuziane," alizoea kusema. "Usiyemjua utamuuzia mara moja, tena kwa wizi."

Mwisho wa mwezi, soko likishatawanyika, aliwakusanya wenye maduka. Hakupenda hotuba. Kila mmoja alisimama, akasema ana nini na amekosa nini, akaketi. Basi. Siku moja mzee wa Kimbeere alisimama akasema ana asali na amekosa vyombo, kwa maana vibuyu vyake vinavuja njiani na nyuki wanamfuata mpaka Embu. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia mwenye duka la mafuta ya taa akamwuliza, "Na yale madebe yaliyorundikana nyuma ya duka lako unayatakia nini?" Wale watu wawili walikuwa wamepishana kwenye njia ile kwa miaka bila hata kusalimiana. Madebe yakachemshwa na majivu mpaka harufu ikatoka, na kabla mvua haijanyesha asali ya Mbeere ilikuwa inauzwa hadi Chuka.

Habari ya lori nayo huwa naikumbuka. Mizigo yetu ilikuwa ikienda kwa punda na kwa migongo ya wanawake. Mwenyekiti akasikia kwamba kule Maua kuna Waislamu wenye malori, akafunga duka, akaenda. Alikaa huko siku kadhaa. Aliporudi alikuwa ameketi mbele kwenye lori, pembeni ya mwenye lori mwenyewe, mzee tuliyemwita Hajji. Hajji alishuka akatuangalia, akasema, "Huyu mtu wenu hapendi kahawa kabisa, naona anavyoimeza. Lakini amekunywa ya kwangu yote ili nisipate nafasi ya kumwambia aondoke." Tangu hapo lori lilifika kila juma, likachukua mbarika na ndengu kupeleka Meru, likarudi na chumvi, majembe na vitambaa. Mwaka ule watu wengi waliezua nyasi wakaezeka mabati.

Nikisema hayo mtu anaweza kudhani alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa mkali kama pilipili ya porini. Kila asubuhi alizunguka uwanja, na akikuta takataka mbele ya duka lako alikuita kwa jina la baba yako mbele ya wateja. Mara moja aliingia hotelini kwangu, akauchukua ufagio mkononi mwangu na kufagia mwenyewe, akanirudishia bila neno, na mimi nikaona aibu juma zima. Sukari alikuwa nayo gunia kwa gunia, lakini kwenye mkutano alitupa chai chungu, akasema utamu unaleta porojo. Alivaa kabuti jeusi hata jua likiwa la kuchoma mbuzi mgongo. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na ole wako umwambie alivue.

Wazungu aliwaogopa kwa namna yake. Kiingereza alikisikia vizuri, hilo nalijua, lakini hakukubali kukisema. Alimtaka mkalimani kila mara. Nikamwuliza kwa nini, akasema, "Nikikosea atacheka. Akishacheka, amenishinda kabla hatujaanza."

Na wanawake hakuwataka chamani. "Wanawake wana soko lao pale chini, la ndizi na mboga," alisema. Hoteli ilikuwa kwa jina la mume wangu, na ndiye aliyeingia mkutanoni, ingawa alikuwa fundi wa mawe na hakujua hata bei ya unga wa ngano.

Halafu serikali ya Wazungu ikatangaza Hali ya Hatari, kwa sababu ya wapiganaji walioingia msituni.

Mwanzoni ilitufikia kama habari za watu wengine, mambo ya Nyeri na ya Nairobi. Kisha ikawa yetu. Mume wangu walimchukua kazini, saruji ikiwa bado mikononi, wakampakia kwenye lori pamoja na wengine. Nilimwona kwa mbali tu. Ndani ya miezi michache nusu ya maduka yalikuwa na wake wa wenye maduka, wamesimama nyuma ya kaunta wasijue wauze au walie.

Mwenyekiti alikuja hotelini asubuhi moja, akasimama mlangoni.

"Mama Wawira, hoteli utafunga?"

"Nikifunga, watoto watakula mlango?"

"Basi njoo mkutanoni."

"Si ulisema wanawake wana soko lao?"

"Nilisema," akajibu. "Njoo mkutanoni."

Hakuniomba radhi, wala mimi sikungoja. Nilikwenda. Tulikuwa wanawake wengi kuliko wanaume siku hiyo, na alituita mmoja mmoja tuseme tuna nini na tumekosa nini, kwa sauti ileile aliyowaitia waume zetu.

Wakati huo kukutana watu wachache tu ilikuwa kosa mpaka upewe ruhusa. Kila mwezi alipanda Embu mpaka boma, kwenye ofisi za serikali, akangoja barazani pamoja na watu wengine wenye shida, na wakati mwingine alirudi mikono mitupu. Alipopewa ruhusa, askari alikuja kuketi nasi, akasikiliza kila neno. Kwa hiyo Mwenyekiti aliweka sheria. "Hapa ni unga na chumvi," alituambia. "Jambo lingine liacheni nyumbani."

Mama Ireri, muuza maharagwe, hakuweza kuliacha nyumbani. Zamu yake ilipofika alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Nina maharagwe. Nimekosa mume."

Askari akainua kichwa.

"Mama, hapa ni biashara tu," Mwenyekiti akasema kwa ukali. "Gunia umekosa au hukukosa?"

"Gunia ninalo."

"Basi kaa."

Alikaa, machozi yakimtoka. Tulimchukia Mwenyekiti siku ile, nami nilikuwa wa kwanza. Askari alipokwenda zake, Mwenyekiti alimfuata Mama Ireri mpaka mlangoni, nikamsikia akimwambia kwa Kimbeere, sauti ya chini, "Una watoto wangapi? Unataka wabaki na nani?" Kisha akaondoka kwa haraka, kama mtu aliyesema jambo la aibu.

Tulihamishwa wote tukatiwa katika kijiji kimoja cha serikali, nyumba zimebanana, handaki limezunguka na miti iliyochongwa imesimama ndani yake. Asubuhi tulichimba handaki na matuta kwa lazima. Soko liliruhusiwa saa chache za mchana, na jua likianza kushuka kafyu inaingia, hakuna ruhusa ya kutoka nje. Nilikuwa napika mandazi mikono ikiwa na malengelenge ya jembe. Tulichoka uchovu ambao usingizi hauutoi, unaamka nao, unautia kwenye kikapu, unaenda nao sokoni. Hata kugombana tuliacha. Mtu akikupunja ulimwangalia tu.

Lori la Hajji halikuruhusiwa kuvuka kizuizi cha barabarani. Lilifika mpaka pale, likageuka. Wengine wangesema imekwisha. Mwenyekiti alikwenda akasimama kizuizini na kabuti lake, akabishana kupitia mkalimani mpaka wakakubali mzigo uvuke bila lori. Tukawa tunakwenda kushusha chumvi upande ule, tunaivusha migongoni, huku Hajji amesimama upande wa pili na fimbo yake, anatupungia mkono kwa huzuni. Chumvi ya kijiji kizima ilipita migongoni mwetu.

Kisha kituo kimoja cha homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, kikachomwa na watu wa msituni. Siku ya pili bwana D.O., Mzungu wa pale boma, alitoa amri kwamba maduka yote yafungwe, mashine ya kusaga isimame, mpaka watu waseme ni nani anayepeleka chakula msituni. Mashamba yalikuwa mbali na hatukuruhusiwa kwenda, kwa hiyo soko lilikuwa ndilo ghala letu. Kwanza watu walikula walichokuwa nacho. Halafu walianza kuchemsha maboga machanga na majani. Watoto wakanyamaza. Hilo ndilo lililonitisha, watoto kunyamaza.

Mwenyekiti alipanda boma. Siku ya kwanza hakupokelewa. Alirudi tena. Alipoteremka, jua lilikuwa bado juu ya kilima, na askari alikuwa amefuatana naye kusimamia mkutano.

"Soko litafunguliwa kesho," akasema.

Hakuna aliyeshangilia. Njeru wa bucha, kijana mwenye mabega mapana, aliyejulikana kwa kutosema sana, ndiye aliyeuliza.

"Umemtaja nani?"

"Sikumtaja mtu."

"Mzungu hafungui kitu bure."

"Hakufungua bure," Mwenyekiti akasema. Alitoa kitambaa akajifuta kidevu. "Nimejiweka mimi. Nimemwambia bwana D.O. kwamba mfanyabiashara yeyote wa hapa akishikwa amepeleka kitu msituni, anichukue na mimi. Soko asilifunge tena, anichukue mimi. Amekubali." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo nawaomba."

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Alilitamka vibaya kidogo, kama mtu anayesema lugha ya wageni.

Wapo waliomwamini. Wengi hawakumwamini. Kule mtoni, tukiteka maji chini ya ulinzi, wanawake walisema hakuna mtu anayetoa shingo yake kwa ajili ya unga wa wenziwe, kwamba lazima ametaja watu na siku moja tutawajua. Wengine wakaacha kununua dukani kwake, wakatembea mpaka mwisho wa safu kununua chumvi ileile iliyokuja na lori lilelile. Yeye aliendelea kuzunguka uwanja asubuhi na kugombeza watu kuhusu maganda ya ndizi. Hakujitetea. Mimi niliendelea kumnunulia unga. Duka lake lilikuwa karibu na sikuwa na nguvu ya kutembea.

Njeru alikuwa na ndugu msituni. Hilo tulilijua wote na hatukulisema. Ndugu mdogo, tumbo moja. Sasa fikiri wewe mwenyewe. Unachinja kila siku ya soko, nyama iko mikononi mwako, na mtoto wa mama yako anakula mizizi kule juu kwenye baridi.

Walimshika Njeru ukingoni mwa handaki, na mfuko wa nyama iliyokaushwa umefungwa kiunoni chini ya shati.

Asubuhi walikuja kwa Mwenyekiti. Ilikuwa siku ya soko, alikuwa anafungua milango ya duka. Askari wawili na homgadi mmoja. Hakuuliza kwa nini. Aliomba ruhusa afunge milango vizuri, akaifunga, akavuta kufuli kuhakikisha. Akavaa kabuti.

"Kabuti la nini? Jua hili!" askari akasema.

"Ni langu," akajibu.

Tulikuwa tumesimama kila mtu mlangoni kwake. Nilifikiri atatulaani. Nilifikiri atasema, mmeona sasa. Alitazama uwanja kutoka mwisho mpaka mwisho, akasema, "Watu wa Mbeere wanakuja na mbuzi leo. Fagieni." Wakampandisha kwenye gari. Humo ndani alikuwa ameketi Njeru, mikono imefungwa. Gari likaondoka na wote wawili wakitazama sakafu.

Mama Ireri ndiye aliyechukua ufagio kwanza.

Bwana D.O. alitimiza neno lake. Soko halikufungwa tena. Tuliuza, tukanunua, tukavusha chumvi. Baadaye kizuizi kiliondolewa na lori la Hajji likafika mpaka uwanjani kama zamani, naye akashuka akauliza, "Yuko wapi mtu wangu wa kahawa?" Tulipomwambia alikaa hotelini kwangu muda mrefu bila kugusa kikombe. Mikutano tuliiendesha mimi na Mama Ireri, kwa kusuasua. Tulitia sukari kwenye chai, na kweli porojo zikazidi. Mume wangu alirudi, mtu wa kunyamaza, aliyekaa mbele ya nyumba akikuna mikono.

Mwenyekiti naye alirudi, baada ya miaka. Duka lake lilikuwa limepewa mtu mwingine, homgadi wa zamani. Alifika hotelini, nikampa chai, nikaitia sukari kwa makusudi nione atasema nini. Akainywa. Aliuliza bei ya mtama. Aliuliza kama mzee wa asali yu hai. Watu walichungulia mlangoni, wale ambao hawakumwamini zamani, na hakuna aliyejua aanzie wapi, kwa hiyo walimsalimu tu wakaenda. Haukupita muda mrefu akahamia Mitunguu, alikoolewa binti yake. Njeru aliachiliwa baadaye. Alimkuta ameshaondoka, na ndugu yake hakutoka msituni kamwe.

Uhuru ulipokuja soko letu lilikua. Barabara ilipanuliwa, maduka yakajengwa kwa mawe, na vyama vidogo vya masoko ya Embu na Mbeere vikaungana kuwa chama kimoja kikubwa. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Njeru. Alistahili. Alikuwa mchapa kazi, hali rushwa, anajua watu. Akaandaa siku kubwa ya wafanyabiashara, watu wa juu na wa chini waonane, wageni watoke Meru na Maua, wana wa Hajji waje na malori yao mapya. Juma moja kabla ya siku hiyo alikuja hotelini kwangu akaketi, kofia mkononi.

"Mama Wawira, nenda Mitunguu umlete. Nikienda mimi hatakuja."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie atakaa mbele, karibu na mgeni rasmi. Mwambie watu watasimama kumpigia makofi. Mwambie..." Aligeuza kofia mara nyingi, kisha akaivaa akatoka.

Nilimkuta kwenye migomba, anafyeka. Alikuwa amechimba mfereji mdogo kutoka kijitoni na maji yalipita kati ya mashina. Kabuti hakuwa nalo. Alikuwa amekonda, lakini mikono ilikuwa ya mtu anayefanya kazi. Tulisalimiana, akaniuliza habari za mume wangu, za Mama Ireri, za wana wa Hajji. Nikampa ujumbe wote, makofi na mgeni rasmi.

"Mwenyekiti nani siku hizi?"

"Njeru."

"Wa bucha?"

"Wa bucha."

Akakata jani kavu, akalitupa kando. "Kazi anaiweza?"

"Anaiweza. Soko limejaa mpaka barabarani."

"Vizuri."

Nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri, nami si msichana. Nikaona nimwulize tu. "Huna hasira naye?"

"Ninayo," akasema mara moja. "Lakini nayo imezeeka. Ndugu yake alikuwa na njaa, Mama Wawira. Nilijua ana ndugu huko. Siku nilipojiweka dhamana nilijua." Alifyeka kidogo, akasimama tena. "Nilidhani Njeru atangoja."

Maji yalikuwa yanapita. Binti yake alituita tukale na hatukwenda.

"Twende basi," nikasema. "Siku moja tu. Watu wanataka kukuona."

"Nikija, watu wote watamtazama yeye, waone ananitazamaje. Nani atasikiliza habari za biashara?" Akatikisa kichwa. "Mwambie mguu unaniuma."

"Mguu una nini?"

"Hauna kitu."

Alinikatia mkungu wa ndizi, akanibebea mpaka barabarani, mbali kidogo, kilima chote, bila kupumzika.

Siku ya mkutano turubai lilikuwa limewekwa na wageni wameanza kushuka kwenye magari. Njeru aliniona akaja mbio, akitazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Mguu unamwuma," nikamwambia. "Hawezi kutembea."

Alisimama pale katikati ya watu, mgeni rasmi anamngoja, na suti yake mpya imeanza kushika vumbi.

"Mguu upi?" akauliza.

"Wa kulia."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi, kama mtu aliyepewa pole. Kisha akaenda kupokea wageni.